Tulirudi Rodi Kopany kupaua nyumba ya Mama, tukakuta koti la mwanaume limetundikwa ndani

Wakuu, habari za muda huu.

Wale wa "hii chai, leta vitafunwa" leo naomba mkae pembeni kidogo. Ninachoandika kimetokea kwetu. Mama yangu yupo hai, yupo chumba cha pili hapa anasikiliza redio, na nimemsomea huu uzi kabla sijaupost. Amesema niandike yote, nisimfichie mtu.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Mwanza. Nalisema hilo mapema kwa sababu mabati yatahusika sana.

Baba alikuwa Mluo wa Kenya, upande wa Homa Bay, ukiingia ndani kidogo kutoka Rodi Kopany. Mama ni Mjita wa Musoma. Baba alikuja Musoma kama fundi wa mashine za kusaga, akampenda Mama, akamchukua wakaenda kuishi kwao. Huko ndiko tulikozaliwa sisi watatu: kaka yangu Otieno, mimi Adhiambo, na mdogo wetu Awuor.

Kule Mama hana jina lingine. Anaitwa Nyar Musoma, yaani binti wa Musoma.

Baba alifariki nikiwa na miaka minane. Hapo ndipo shida ilipoanza.

Kwa wasiojua: kwa mila ya kule, mjane alitakiwa arithiwe na ndugu wa marehemu. Wanaita tero. Kabla ya hapo nyumba yake haikarabatiwi, na yeye haingii nyumba za watu. Akikaidi, wanasema ataleta chira, yaani mkosi unaokula ukoo mzima, watoto kwanza.

Aliyepangwa kumrithi Mama alikuwa baba mdogo Ochola, mdogo wake baba. Mama alisema hapana. Hakupiga kelele, alisema tu hapana, akaendelea kupalilia mahindi yake.

Basi, bati likaanza kuvuja.

Mwanzoni tundu moja, baadaye saba. Kila mtoto alikuwa na sufuria yake ya kukinga maji. Ya kwangu ilikuwa haina mkono. Mvua ikianza hakuna aliyeambiwa kitu, kila mtu anakwenda kusimamia sufuria yake.

Hakuna fundi aliyekubali kupanda. Tukitumwa chumvi kwa majirani tunapewa nje, mlangoni. Mtu mmoja tu alikuwa anatupa chumvi na mkono wake unatushika: mama mdogo Awino, mke wa mdogo wa mwisho wa baba. Naomba mumkumbuke huyu mama, tutamrudia.

Siku moja Mama alichoka. Akaazima ngazi shuleni, akapanda mwenyewe na kopo la lami, akaziba matundu yote saba mchana kweupe. Mwanamke, mjane, juu ya paa la mume wake! Kesho yake hakuna aliyejibu salamu yetu. Wazee wakaja kusema ametukana ukoo.

Wiki hiyohiyo tuliondoka. Mama alimbeba Awuor mgongoni, Otieno akabeba godoro, mimi nikabeba sufuria. Tukavuka mpaka wa Sirari, tukarudi Musoma kwa bibi. Mama alitulea kwa kuuza samaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliwa na hiyo chira. Tumesoma wote, tuna watoto, Awuor ni mwalimu, Otieno ni mhasibu Dar.

Zaidi ya miaka thelathini ikapita.

Mwaka huu Mama akatuita, akasema ana ombi moja. Tukadhani ni hospitali. Akasema, "Nataka nyumba yangu ya Rodi ipauliwe. Nataka nikae ndani, mvua inyeshe, nisishike sufuria. Basi."

Wakuu, mimi nililia. Mama hajawahi kuomba kitu. Tunamnunulia vitenge anagawa.

Tukapanga safari, sisi watatu na Mama, kwa gari la Otieno, Noah. Sirari, Migori, Rongo, halafu tukachepuka kuelekea Rodi Kopany. Rongo tulisimama, nikaingia hardware kuchagua mabati. Kijana wa dukani akaniletea geji thelathini, ile nyembamba. Nikamuuliza kama hilo ni bati au karatasi la kufungia maandazi. Akacheka, akanitolea geji ishirini na nane, iliyo nene zaidi. Nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili, nikachukua ya kutosha na mawili ya ziada. Ni desturi yangu, bati moja lazima litaharibika.

Tulipofika nilikuta kila kitu kimekuwa kidogo. Kile kilima nilichokuwa naogopa kushuka na baiskeli, sasa hata gari halibadilishi gia. Nyumba yetu ilikuwa imesimama, ila ndani imekuwa ghala la magunzi na kuku wanataga. Juu unaona mbingu.

Mama alikwenda kwanza kwenye kaburi la baba, liko palepale mbele ya nyumba. Akang'oa majani kama dakika kumi. Sisi tukasimama tu.

Mama mdogo Awino ndiye aliyekuja wa kwanza. Amezeeka sana, mgongo umeinama. Alimkumbatia Mama wakabaki hivyo muda mrefu. Yeye mume wake alifariki miaka michache baada ya sisi kuondoka, akarithiwa na huyohuyo baba mdogo Ochola.

Baba mdogo Ochola naye yupo, mzee wa fimbo sasa. Alitupokea vizuri, nisimsingizie. Tukaletewa viti vya plastiki, samaki na ugali. Baada ya kula ndipo akaingia kwenye hoja, na alizungumza Kiswahili maana Awuor Kijaluo kilimtoka akiwa mdogo.

Alisema watoto ni wa nyumbani na wanakaribishwa. Ila nyumba ya Nyar Musoma haiwezi kuguswa kabla mambo ya zamani hayajanyooshwa. Akasema siku hizi watu ni modern, hakuna anayetaka kumlazimisha mama mzee kitu. Koti tu linatosha. Koti la mwanaume wa ukoo linatundikwa ndani ya nyumba ya mjane, linalala siku moja, wazee wanahesabu kwamba amesharithiwa, kazi imeisha.

Mama alinawa mikono, akasema amechoka na safari, twende lodge.

Usiku huo Otieno akaanza. Eti ni koti tu. Eti sisi tumesoma, koti halina maana yoyote, tuwape wanachotaka tupate tunachotaka. Eti yeye ndiye mtoto wa kiume, siku akitaka kujenga pale nani atampokea? Nikamuuliza: kama koti halina maana, mbona wanalitaka? Kaka yangu ni mtu mwema, lakini anaogopa ugomvi kuliko ugonjwa.

Asubuhi Otieno aliondoka mapema, akasema anakwenda kusimamia usafi wa nyumba. Sisi tulifuata kama saa tatu, pamoja na fundi niliyempata hapo Rodi.

Nyumba ilikuwa imefagiliwa. Kuku wametolewa. Na ukutani, kwenye msumari ambao baba alikuwa anatundika kofia yake, kulikuwa na koti. Koti la suti la kijivu, limechakaa viwiko. Nje wamekaa wazee watatu na baba mdogo Ochola, wanangoja.

Nikamtazama Otieno. Akatazama chini.

Nilitaka kumpiga, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimeshika nyundo na ilinibidi niiweke chini.

Yule fundi naye akavutwa pembeni na mzee mmoja, wakaongea kidogo, akarudi amekunja uso. "Madam, mimi kazi nataka," akaniambia, "lakini wazee wanasema hiyo koti ilale kwanza. Mimi niko na watoto wadogo. Siwezi panda." Akachukua msumeno wake akaenda. Simlaumu sana.

Mama alikuwa bado amesimama katikati ya chumba. Akaliangalia lile koti. Halafu akalishusha, akalikung'uta vumbi, akalikunja vizuri kabisa, mikono ndani, kama koti la mtoto wa shule. Akatoka nalo nje mpaka kwa baba mdogo Ochola, akaliweka mapajani pake.

Kijaluo anakijua kuliko mimi, lakini alisema kwa Kiswahili ili sisi wote watatu tusikie.

"Shemeji, nilikukataa wewe mwenyewe ukiwa kijana, una meno yote. Leo nitakubalije koti lako?"

Mzee mmoja akakohoa.

Baba mdogo Ochola akasema kwa upole, "Nyar Musoma, hii maneno itarudia watoto."

Mama akasema, "Watoto ni hawa. Watazame."

Na kweli wazee wakatutazama. Mimi na mwili wangu huu, Awuor na miwani yake, Otieno na kitambi chake cha ofisini. Sijui walitafuta nini. Dalili ya chira haikuwepo, labda kwenye kile kitambi.

Kisha Mama akaingia ndani akatoka na ngazi tuliyoazima asubuhi. Umri wa miaka sabini na kitu, anaburuta ngazi! Akaiegemeza ukutani, akapandisha mguu wa kwanza. Nikaanza kumkimbilia, lakini Otieno alikuwa ameshafika. Akamshika Mama kiuno akamshusha polepole. Akavua viatu vyake vya ngozi, akavua na saa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akanitazama usoni. "Adhi, nipe nyundo," alisema.

Nikampa.

Wakuu, wahasibu hawajui kupiga msumari. Bati la kwanza tulilitoboa pabaya. Lakini mimi nimeuza mabati miaka kumi na tano na kusikiliza mafundi wakijisifu, nikapanda nami nikashika upande wa pili. Kenchi zinazobeba paa zilikuwa nzima, baba alitumia mbao za kweli. Papi chache, zile mbao za kupigilia bati, tukabadilisha. Awuor anapitisha mabati, Mama anapitisha misumari mmoja mmoja, anahesabu kwa sauti kama anauza dagaa.

Wazee walikaa mpaka saa sita wakaondoka. Baba mdogo Ochola aliondoka wa mwisho na koti lake mkononi. Hakututukana. Alisema tu kwamba sisi tutarudi Tanzania, watakaobaki na matokeo ni wao. Nimelifikiria sana hilo neno, na namheshimu kwa kulisema mbele yetu. Lakini chini sikushuka.

Katikati ya kazi nikagundua ngazi imeacha kutikisika. Kuchungulia chini, mama mdogo Awino amekaa kwenye kigoda, ameishika miguu ya ngazi kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwita. Alikaa hapo juani mpaka jioni, mbele ya ukoo mzima unaopita njiani, na yeye ndiye anayebaki kuishi nao.

Tulimaliza jua likiwa limeinama. Mvua haikunyesha, na sitawadanganya kwamba ilinyesha. Mama aliingiza kiti kimoja, akakaa ndani, akatazama juu. Hakukuwa na hata tundu moja la mwanga. Akakaa hivyo kama nusu saa, mikono imelala tu mapajani, haina kazi.

Tukaanza kukusanya vifaa. Ndipo mama mdogo Awino akanigusa mkono. Akaonyesha nyumba yake, hatua kama hamsini kutoka pale, akauliza yale mabati mawili yaliyobaki ni ya nani.

Nikamwambia ni ya ziada.

Akayapapasa kidogo. Halafu akasema, "Mimi nilikubali. Tero nilikubali, kila kitu walisema nilikubali. Na bado inavuja."

Otieno alikuwa ameshavaa viatu. Akavivua tena, akabeba ngazi.

Wakuu, kabla hamjaanza: sijaandika hapa kutukana Waluo. Mimi ni Mluo kwa baba, jina langu mmeliona. Wapo wengi waliokwisha kuacha haya, na wapo wajane walioridhia kwa hiari yao na wanaheshimiwa. Anayetaka kuleta ukabila atafute uzi mwingine.

Nilichojifunza ni kimoja. Miaka yote ile niliamini Mama aliteseka kwa sababu alikataa. Nilimwonea huruma, na kuna siku utotoni nilimkasirikia, nikasema moyoni si angekubali tu tukae kwetu. Kumbe aliyekubali alikuwa hatua hamsini pale jirani, amekinga sufuria zake miaka yote hiyo.

Mama nimemwomba msamaha. Kaniambia nimpishe, taarifa ya habari imeanza.

Mwenye yaliyomkuta ya namna hii na ayamwage hapa tusome. Na wewe unayetaka kunionya kuhusu chira, karibu pia, sikukatazi. Ila kabla hujaandika, nenda kwanza ukatazame bati la mama yako.