Mkono Niliouficha Ndani ya Sweta

Nakumbuka mchana mmoja wa mwezi wa kumi, miaka ile lami haijafika Shelui, tulipokuwa tunapaka udongo nyumba ya mama kabla mvua hazijaanza. Nyumba yetu ilikuwa tembe, ile ya paa bapa la udongo, upande wa Sekenke. Wewe mwanangu uliyezaliwa chini ya bati huenda huijui kazi hiyo. Kila kiangazi udongo wa kuta na wa paa unapasuka kwa jua, na kila mwaka wanawake wanakanyaga udongo mpya, wanauchanganya na samadi ya ng'ombe, kisha wanaupaka kwa viganja. Siku hiyo jua lilikuwa kali hata mbuzi walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha ukuta. Mama, shangazi yangu Tabea na majirani wawili walikuwa wamejifunga kanga, mikono wazi mpaka mabegani. Mimi nilikuwa nimevaa sweta la shule.

Nilikuwa na miaka kumi na tano. Mikono ya sweta ilikuwa imelowa udongo mpaka inaning'inia, jasho linanitiririka mgongoni, na bado sikuivuta juu. Jirani mmoja akacheka, akasema, "Elimina, una homa nini?" Nikamjibu kwamba nasikia baridi. Wakacheka wote, na mama pia akacheka. Shangazi Tabea hakucheka. Aliendelea kupaka, lakini niliona macho yake yananifuata.

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo, vinginevyo hutaelewa.

Baba yangu alikuwa mkulima wa mtama na alizeti, na kama wanaume wengi wa kwetu, kazi za shamba zikipungua alikuwa anashuka kwenye mashimo kutafuta dhahabu. Mwaka huo mvua zilinyesha sana, ardhi ikalegea, na shimo alilokuwamo likatitia. Walipomfikia alikuwa ameshafariki. Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza. Siku ya mazishi kila mtu mzima aliyenishika mkono aliniambia maneno yaleyale. Jikaze. Wewe ndiye mkubwa, wadogo zako wanakuangalia. Ukilia, mama yako ataanguka.

Basi sikulia. Nilimwangalia mama akianguka hata hivyo, nikamshika, sikulia. Watu wakanisifu. Wakasema mtoto huyu ana moyo wa mtu mzima.

Baada ya hapo niliamka, nilichota maji, nilikwenda shule, nilicheka wenzangu walipocheka. Nyumbani jina la baba likaacha kutajwa, maana kila mmoja wetu alimwonea huruma mwenzake. Nilikuwa nikikaa mezani naona kama kuna kitu kimenikaa kooni, hakipandi wala hakishuki. Siku nyingine nilijiona kama si mimi ninayetembea. Ndipo nikaanza kujiumiza mkono, sehemu ambayo nguo inafunika. Nilivyofanya sikusimulii, maana hakuna utakachofaidika nacho. Nitakuambia tu ukweli ambao wazee wengi hawapendi kuusema: kwa dakika chache nilipata nafuu. Halafu nafuu iliondoka, ikabaki aibu, na ile aibu ikanirudisha kulekule. Mtu akiwa katika hali hiyo usimwambie anajifanya. Mimi sikuwa najifanya. Nilijificha kwa nguvu zangu zote.

Turudi kwenye udongo. Shangazi Tabea alikuwa dada mkubwa wa baba. Alikuwa na hoteli pale Shelui kando ya barabara, ya kuuzia chai na ugali kwa madereva wa malori, na sauti yake ilizoea kushindana na injini. Alikuwa mtu wa kupiga kelele, mwanangu, mtu wa kukusema mbele ya watu na kukusahau hapohapo. Kwa hiyo alipofuta viganja vyake kwenye kanga na kuniambia, "Elimina, chukua ndoo, twende mtoni," niliichukua ndoo nikijua nakwenda kusemwa.

Mto wetu ulikuwa wa mchanga, na kiangazi unachimba ndipo upate maji. Tulikaa kando ya kisima. Akateka maji kwa kibuyu, akaniambia, "Lete mkono nikuoshe udongo." Sikuutoa. Hakunivuta. Alikaa tu na kibuyu chake mkononi, kimya, yeye aliyekuwa hawezi kukaa kimya hata kanisani. Mwishowe nikauvuta mkono wa sweta mwenyewe.

Alama zilikuwa nyingi, na moja ilikuwa imevimba na kutoa usaha. Nilifumba macho nikingoja kofi. Badala yake nilisikia maji, polepole, yakinimwagikia.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Umeanza lini?"

"Baada ya baba."

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. "Ulimlilia baba yako?"

"Waliniambia nisilie."

"Akina nani?"

"Wote, shangazi. Baba mdogo. Mzee wa kanisa." Nikaogopa kumalizia, lakini nikamalizia. "Na wewe. Ulinishika mabega pale mlangoni, ukaniambia nikilia namuua mama."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi baada ya siku ile, nimeona wazee wengi na sasa mwenyewe ni mzee. Sijaona mara nyingi mtu mzima akifanya alichofanya shangazi Tabea. Aliweka kibuyu chini. Akanitazama usoni, akasema, "Nilikosea. Nilikuwa naogopa kilio chako kwa sababu sikuweza kukibeba changu. Nisamehe, mwanangu. Mtoto wa mdogo wangu, nisamehe."

Kwetu mkubwa hamwombi mtoto msamaha. Mtoto ndiye anayesema shikamoo, mtoto ndiye anayepiga goti. Kile kitu cha kooni kilitoka. Nililia pale mchangani mpaka nikatapika, na yeye akalia kwa sauti yake ileile ya barabarani, tukawa wawili tunamlilia mtu mmoja miezi minane baada ya kumzika. Kisha akaanza kunisimulia habari za baba. Kwamba alipokuwa mdogo aliogopa kuku jike mwenye vifaranga kuliko alivyoogopa fisi. Kwamba kwenye kwaya alikuwa anaimba vibaya, na mwalimu wa kwaya alimwomba awe anafungua mdomo tu bila kutoa sauti. Nikajikuta nacheka na kamasi zikinitoka. Nilikuwa sijasikia mtu akisema neno "baba yako" tangu mvua za mwaka ule zilipokatika.

Nilimwomba asimwambie mama. Akakataa. "Siri hii ni kubwa kwako na kwangu pia ni kubwa. Mama yako atajua. Lakini hutamwambia peke yako, mimi nitakuwepo."

Sitakudanganya kwamba mambo yalikuwa mepesi. Mama alipouona mkono alipiga kelele, akauliza amemkosea Mungu nini. Baba mdogo akaja, akasema haya ni mambo ya kurogwa, nipelekwe kwa mganga. Halafu akabadilika akasema dawa yake ni fimbo. Shangazi akasimama kati yetu na mikono yake bado ina udongo mkavu. "Mtoto huyu hana pepo wala hana kiburi," akasema. "Ana msiba. Msiba wake ndio umeanza leo, na kesho nampeleka hospitali." Baba mdogo alitaka kujibu, lakini mama akamzuia kwa mkono. Mama yangu, ambaye mimi niliambiwa ataanguka, alisimama imara kuliko wote. "Mpeleke, wifi," akasema. "Na mimi nakwenda."

Dereva mmoja aliyekuwa anakula kwa shangazi alitupakia kwenye lori lake mpaka hospitali ya misheni. Walinisafisha kidonda, wakanipa dawa. Kisha tukaingizwa kwa muuguzi mmoja mwenye mvi aliyesomea magonjwa ya akili. Mama alishtuka kusikia neno hilo. Muuguzi akamwambia, "Mama, akili inaumwa kama tumbo linavyoumwa. Mwanao si mwehu." Akawaomba mama na shangazi wangoje nje kidogo.

Akaniuliza bila kuzunguka, "Unataka kufa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Na kuulizwa tu kulinipunguzia mzigo. Nikamwambia, "Sitaki kufa. Nataka kupumzika."

"Basi tutatafuta namna ya kupumzika isiyokudhuru," akasema.

Nilirudi kwake mara nyingi mwaka ule na uliofuata. Alinifundisha kwamba ile hamu ya kujiumiza inapanda, inafika juu, kisha inashuka yenyewe ukiweza kuisubiri, na kwamba kusubiri ni rahisi zaidi ukiwa na mtu. Kwa hiyo tukakubaliana nihamie kwa shangazi Shelui, nisome shule ya pale. Vitu vya kunidhuru vikaondolewa chumbani. Na shangazi akaweka sharti moja: ikija, niende nikasimame karibu naye. Si lazima niseme kitu zaidi ya, "Shangazi, imekuja."

Basi nilikuwa nakwenda jikoni, moshi umejaa, madereva wanadai supu, namwambia hivyo. Hakuniuliza kwa nini. Alisogea kunipa nafasi mezani, akanikatia donge la unga, tukakanda chapati bega kwa bega. Siku nyingine nilikanda bila kusema neno mpaka jioni. Siku nyingine nilisema yote.

Kisha ikatokea nikaanguka tena. Ilikuwa imekaribia siku ya kutimiza mwaka tangu baba afe, na mimi nilikuwa nimeshajiona nimepona. Nilijiumiza. Nikakaa nimejikunja kitandani nikifikiri nimewaangusha wote, muuguzi, mama, shangazi aliyenipa nyumba yake. Nilikwenda kumwambia.

Aliutazama mkono, akachemsha maji ya kuosha. Kisha akasema, "Mara ya kwanza niligundua mwenyewe, tena kwa sababu ya sweta. Leo umekuja kuniambia kwa mdomo wako. Unaona ulivyosogea?"

Mimi nilikuwa naona nimerudi mwanzo kabisa. Yeye alinionyesha kuwa sikurudi. Nashukuru mpaka leo kwa sentensi ile.

Siku ya kumbukumbu ya baba tulikwenda kaburini, mimi, mama, shangazi na wadogo zangu. Mama akanishika, tukalia, na wadogo zangu wakalia, na hakuna aliyeanguka. Baba mdogo alikuja kwa kuchelewa, akasimama pembeni na kofia yake mkononi. Alipoondoka alinigusa kichwa tu. Sikumdai zaidi ya hapo.

Nilimaliza shule, nikawa mwalimu wa shule ya msingi, nikaolewa na mwanaume niliyemwonyesha mkono wangu kabla hajatoa hata mbuzi mmoja wa mahari. Nimezaa, nimelea, nina wajukuu. Leo navaa mikono mifupi. Watoto wa shule walikuwa wakiniuliza, "Mwalimu, ulifanyaje hapa?" na mimi niliwajibu, "Niliumwa huzuni, nikatibiwa." Walilipokea jibu hilo kirahisi kuliko wazazi wao wangelipokea.

Sasa mwanangu, nisikilize. Kama wewe ndiye mwenye mkono uliofichwa, wewe si mchafu, hujarogwa, na hukuumbwa vibaya. Una maumivu ambayo hayajapata pa kwenda. Mtafute mtu mzima mmoja umwambie. Mmoja tu. Kama wa kwanza akikugombeza, usikate tamaa ya watu wote. Mtafute wa pili, mwalimu, mama mdogo, muuguzi wa zahanati. Huna haja ya maneno mazuri. Sema tu, "Naomba unisaidie, najiumiza." Na ukianguka baada ya kusimama, nenda ukaseme, maana kusema kwenyewe ni sehemu ya kupona.

Kama ni rafiki yako, na amekuapisha usiseme, vunja kiapo hicho. Atakununia. Mwache anune, akiwa hai. Mimi nilimnunia shangazi njia nzima ya kutoka mtoni.

Na wewe mzazi unayesoma huku umejificha nyuma ya mwanao, usimwambie mtoto ajikaze mbele ya kaburi. Mwache alie. Na kama ulishamwambia, bado unaweza kurudi na kusema nilikosea. Utabaki na heshima yako yote. Mimi shangazi yangu nilianza kumheshimu kweli siku ile.

Mungu amlaze shangazi Tabea mahali pema, na amlipe yule muuguzi, na yule dereva aliyetupa nafasi mbele pamoja naye bila kuuliza mtoto ana nini. Kwako wewe mwanangu naomba hivi: upate mtu wa kusimama karibu naye siku itakapokuwa nzito. Usingizi wako uwe mtulivu. Mikono yako ikafanye kazi unayoipenda, ipokee watoto ukiwataka, ipungie watu barabarani bila kujificha. Uzeeke, mwanangu. Uzeeke mpaka na wewe uchoke kusimulia. Amina.