Begi la Besi na Mjukuu wa Mama Mlezi

Kosa langu la kwanza katika kazi ya gitaa la besi lilikuwa kuchagua begi lake kwa kidole gumba. Nilibonyeza sponji dukani, kidole kikazama chote, nikaona nimepata. Kumbe nilikuwa nimenunua kitanda.

Naeleza haya kama mstaafu ingawa sina mvi. Katika kwaya ya vijana ya ushirika wetu wa kanisa pale Ipuli, mtu akishaoa anahamishiwa kwaya kuu na chombo chake anapewa mwingine. Mimi nimeoa mwaka huu. Binti aliyeshika nafasi yangu, Tabitha, aliniuliza swali moja tu: siku akipata besi yake mwenyewe, anunue begi gani. Nilimjibu mpaka akaanza kupiga miayo, kisha nikarudi nyumbani na wasiwasi kwamba jambo kubwa nimelisahau. Ndiyo maana naandika.

Besi nilijifundisha mwenyewe, kwa video za kwenye simu ya dada yangu na gitaa la solo la kuazima ambalo lilikuwa limebakiza nyuzi nne. Sikuwa na mtu wa kuniambia nimekosea, kwa hiyo nilijihisi nimekosea muda wote. Siku ya kwanza kazini, Mwalimu, ndivyo tulivyomwita kiongozi wetu wa muziki, alinikabidhi besi ya kwaya ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi la kijivu na kufungwa kamba ya katani. Hatukuwa na nyingine. Ilipatikana kwa sadaka ya mavuno, watu wakileta karanga, mahindi na madumu ya asali. Mwenyekiti wa kwaya alisimama mlangoni akiniangalia ninavyoifungua.

"Unajua hiyo ni ya nani?" akaniuliza.

"Ya kwaya, Mwenyekiti."

"Ni ya kila mama aliyemenya karanga. Ikipata ufa, wewe unarudi kuimba sauti ya tena. Na unajua mwenyewe unavyoimba."

Nilijua ninavyoimba. Kuanzia siku ile sikuwahi kuishika besi bila kwanza kufuta mikono kwenye suruali.

Kwa asiyekijua chombo hiki: besi ina shingo ndefu kuliko gitaa la solo, na kichwani kuna funguo nne nzito za kukazia nyuzi. Uzito huo unashikiliwa na mahali pembamba, pale shingo inapokutana na kichwa. Mimi napaita koo. Besi ikianguka au ikikandamizwa, koo ndilo hutangulia kuumia. Blanketi halilindi koo. Nilimwambia Mwalimu hivyo kila mazoezi, mpaka siku tulipopewa mwaliko na ushirika wa kijijini, mbele ya Nzega, Mwenyekiti akachoka kunisikia.

"Babu zenu walibeba pembe za ndovu begani kutoka hapa mpaka pwani, kwa miguu," alisema mbele ya kwaya nzima. "Huyu besi moja, tena kwa gari, anataka begi." Watu wakacheka. Kisha akanigeukia. "Haya, kachague. Lakini utakalolichagua ni lako. Lisije likatushinda halafu useme muuzaji."

Nilipima besi kwa uzi wa kushonea, fundo kichwani na fundo kitakoni, kisha nikapima upya kwa sababu uzi huvutika. Hapo wengi hukosea. Hununua begi la solo, zipu ikagoma kufunga, kichwa kikabaki nje kama kuku kwenye tenga. Mimi urefu niliupata sawasawa, na nadhani ndio ulionilevya.

Duka lililokuwa na mabegi ya magitaa mjini lilikuwa na mawili yaliyotosha. La kwanza lilikuwa jembamba, gumu, la rangi ya matope, na sponji yake ukiibonyeza inakurudishia kidole. La pili lilikuwa jeusi, nene, limeshonwa mistarimistari kama koti la baridi. Nilienda, nikarudi, nikaenda tena, mpaka muuzaji akawa ananiita mkaguzi.

"Mkaguzi, chukua hili jeusi," aliniambia mwishoni, akalipiga kofi. "Hili ni godoro kabisa."

Nilisikia sifa. Nikalichukua.

Asubuhi ya safari tulikodi basi dogo, Kosta. Spika na ngoma kubwa zikapanda kwenye keria. Nilitaka besi isimame katikati ya magoti yangu, lakini begi lilikataa kusimama. Kitako chake kilikuwa sponji tupu, kikawa kinajikunja na begi linainama kama mlevi. Ikabidi nililaze kwenye siti ya nyuma, mwili wa besi huku, kichwa kule juu ya sanduku la waya, na chini ya shingo hakuna kitu. Niliuona ule uwazi. Nikajiambia sponji ni nene.

Safari hiyo tulikuwa na Mama Mlezi. Mlezi ni mama mtu mzima anayewekwa na wazee wa kanisa awatunze vijana, na neno lake hupita la Mwenyekiti. Alikuja na mjukuu wake Yona, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Mpaka Nzega mambo yalikuwa mazuri. Tulipoacha lami, Yona akatapika, kisha akalegea. Mama Mlezi akaja naye nyuma akishikilia viti.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nisogezee hapo." Akaliona begi. "Eh, mmeweka na kigodoro. Mbarikiwe."

Akamlaza mtoto juu yake, palepale kwenye shingo. Yeye akaketi pembeni na kuegemeza kiwiko karibu na kichwa cha besi, ili amzuie asianguke.

Nilifungua mdomo. Nataka wanaosoma waelewe kwamba nilifungua kweli. Lakini mtoto alikuwa mgonjwa, na mimi nimelelewa kwamba mama mtu mzima akikaa, hainuliwi na kijana. Nikatafuta sentensi yenye adabu ya kutosha. Kila niliyoiunda niliiona ina kasoro, nikawa naitengeneza upya, na gari linaendelea kuruka mashimo. Kwa kila shimo nilikaza meno kana kwamba nyuzi zile zimefungwa kwenye taya langu.

"We Besi," akaniambia jamaa wa tena aliyekaa mbele yangu, "dirisha liko wazi, hilo jasho la nini?"

"Joto tu."

"Joto, au umemkumbuka mtu?"

Wakacheka. Yona akageuka usingizini. Mama Mlezi akalibonyezabonyeza begi vizuri, kama mtu anavyotengeneza mto.

Tulipofika, wenyeji walikuwa wamejaa uwanjani wakitusubiri na vigelegele. Nilikwenda nyuma ya kanisa, nikafungua zipu. Kooni palikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Nilipojaribu kukaza uzi mnene, mstari ukafunguka, na uzi ukalegea. Nikakaza tena, kidogo zaidi. Ukafunguka zaidi. Nikaacha, nikabaki nimeishika tu.

Mwenyekiti alinikuta hivyo. Aliutazama ufa, akanitazama mimi, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyotegemea. "Nani amelalia besi?"

"Hakuna aliyeilalia, Mwenyekiti."

"Imejipasua yenyewe?"

"Begi nililichagua mimi."

Nyuma yake alikuwa amesimama Mama Mlezi, amembeba Yona mgongoni. Aliliangalia begi, akaniangalia mimi.

Siku ile tuliimba bila besi. Mwalimu alijitahidi kuziba pengo kwa mkono wa kushoto kwenye kinanda, lakini nyimbo zetu zilikuwa kama mtu anayetembea kwa ncha za vidole. Mimi nilipangwa kwenye tena. Nilichezesha midomo tu.

Tukarudi Ipuli. Siku ya pili Mama Mlezi aliniita kwake. Alikuwa anapepeta mchele, na hakuuacha.

"Ni mjukuu wangu aliyevunja, siyo?"

"Hapana, mama. Ni begi."

"Nakuuliza tena."

Nikakubali kwa kichwa.

"Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa kukukosea adabu."

Akatua ungo. "Adabu. Umeniacha nivunje kitu ambacho na mimi nilikimenyea karanga, nikiwa hapo hapo nakubariki, na wewe una mdomo. Halafu Mwenyekiti anakuuliza, unanificha, kama mwizi na mwenzake. Hiyo ndiyo adabu waliyokufundisha kwenu?"

"Hapana, mama."

"Ningekwambia nini mimi ungesema hilo ni gitaa? Ningempakata mtoto. Nimewapakata wangapi?" Akaushika tena ungo. "Nitazungumza na Mwenyekiti. Fundi seremala ataiziba besi. Wewe shughulikia begi. Likiwa tayari uniite, nije nilikalie."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Besi ilitiwa gundi na kubanwa kwa vibanio vya seremala, ikapona, ingawa kovu lake lipo mpaka leo. Mwenyekiti aliniambia nafasi yangu itaamuliwa baada ya Mama Mlezi kuliona begi. Kwa hiyo nililitengeneza kama mtu anayejenga nyumba ya kulala mwenyewe. Kule Isevya kuna fundi anayeshona mabegi ya shule na turubai za mikokoteni. Lile jeusi nililiacha, nikampelekea turubai ya begi jipya na sponji ngumu, ile ambayo mafundi viatu huikata kutengenezea kandambili. Hiyo ukiibonyeza inabonyea kidogo na kugoma. Kitako tuliweka mpira wa tairi juu ya vipande viwili vya sponji, ili begi lisimame lenyewe. Ndani, tulishona mto mdogo wa kuishika shingo, ili kichwa kielee, kisiguse ukuta wowote. Zipu ilikuwa pana, ya meno makubwa, na ilizunguka mpaka chini, maana zipu fupi inakulazimisha kuisukuma besi ndani kichwa kikitangulia. Mikanda ya mgongoni ilishuka chini kiasi kwamba, ukipanda bodaboda, kichwa cha besi kisikwaruze matawi.

Nililirudisha mara kwa mara. Mshono haukunyooka, mkanda mmoja umezidi mwingine, mto umehama kidogo.

"Kijana," fundi akaniambia huku ametoa sindano mdomoni, "unashonesha begi au unamzika mtu?"

"Malizia huo upande, fundi."

"Maiti mwenyewe halalamiki hivi."

Siku ya ukaguzi, Mama Mlezi alifika pale kwa fundi amevaa kitenge cha kanisani. Besi ilikuwa ndani ya begi. Alilizunguka. Alilibonyeza kwa kidole gumba, likamrudishia kidole. Alilisukuma, likayumba na kusimama. Fundi akawa anatabasamu kama vile kila kitu ni wazo lake.

"Lilaze," Mama Mlezi akasema.

Nikalilaza kwenye benchi. Akakusanya kitenge chake, akageuka, akaanza kushuka taratibu, mama mwenye mwili wake, kuelekea palepale kwenye shingo.

Nilikuwa nimehesabu kila kitu kuhusu begi lile. Nilijua sponji yake, nilijua mshono wake, na nilijua pia kwamba hakuna begi la kitambaa duniani lililoshonwa kwa ajili hiyo. Sentensi zikaanza kujipanga kichwani, za adabu, zikipishana mlangoni. Yeye anashuka.

"Usikalie," nikasema.

Akasimama nusu njia. Fundi akaacha cherehani.

"Unasemaje?"

"Shikamoo, mama. Usikalie. Ni gitaa."

"Marahaba," akasema, akajinyoosha, akashusha kitenge chake. Akalitazama lile begi baya la rangi ya turubai, akamwambia fundi, "Hili sasa limekamilika." Kisha akaniagiza niite bodaboda, kwa sababu jua lilikuwa kali na yeye hakuja pale kutembea.

Nilirudishiwa besi Jumapili iliyofuata. Nimeipiga miaka kadhaa tangu hapo, kanisani Ipuli, kwenye misiba kule Itetemia, na kwa muda katika bendi moja ya harusi ya Isevya, ambayo kiongozi wake alikuwa na tabia ya kurusha vyombo garini kama magunia ya mpunga. Nilimzuia siku ya kwanza tu. Aliniita bwana harusi wa gitaa, na jina likanishika, lakini hakurusha tena.

Nilipomkabidhi Tabitha besi na begi lake, nilimwonyesha sponji, kitako, mto wa shingo na zipu. Nikamwonyesha na kovu la kooni, nikamweleza lilikotoka. Alisikiliza, kisha akauliza kama na yeye itabidi Mama Mlezi aje kulikalia begi lake. Nilimwambia ajiandae.

Wasiwasi haujaniisha. Bado napima kitu kimoja mara nyingi, na maandishi haya nimeyafuta na kuyaandika upya kupita yanavyostahili. Sponji nilikuja kuijua, lakini si hilo lililobadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba siku hizi nasema kabla gari halijaondoka.