Walipouliza Upande wa Mama

Mwanangu hakuwa na haja na mababu mpaka ilipokuja habari ya posa. Binti yake, mjukuu wangu niliyemlea mimi, alikuwa amependana na kijana wa Al Warqa, hapa hapa Dubai. Watu wa kijana wametoka Pemba kama sisi, ila wao wana nyumba kubwa yenye bustani na wanajiita Waarabu hata usingizini. Kijana mwenyewe sina neno naye. Watu wake ndio walioleta ujumbe: kabla hawajaja kuposa, wangependa kuijua asili yetu.

"Asili gani tena?" nikamuuliza mwanangu. "Si wameniona uso?"

"Mama, wanataka ya wanaume. Baba, babu, baba wa babu, mpaka yule wa kwanza. Niachie mimi."

Nikamwachia. Mimi nilisoma Kurani chuoni na miaka michache ya skuli, kisha nikaolewa. Mambo ya karatasi ni yake.

Akaanza kuchimba. Kuna msahafu wa ukoo uko kwa ami yake Maskati, na kurasa zake za mwisho wazee walikuwa wakiandika waliozaliwa na waliokufa. Ami akapiga picha akazituma kwa simu. Kwenye sanduku la marehemu mume wangu, mwanangu akapata hati ya shamba, ile ambayo yule babu wa kwanza aliiandikisha kwa kadhi zamani za masultani. Mume wangu na mimi tulikuwa watoto wa ndugu, kwa hiyo babu huyo ni wetu sote wawili. Alitoka Oman kijana, akavuka mpaka Pemba, na inasemwa ndiye aliyefungua msitu upande ule akapanda mikarafuu ya mwanzo.

Jioni moja, hapa kwetu Al Twar, mwanangu akakaa na ile hati akinisomea, maana Kiarabu alisomeshwa vizuri. Mikarafuu. Kisima. Nyumba ya mawe. Ng'ombe. Kisha kidole chake kikasimama kwenye mstari.

"Endelea," nikamwambia.

"Na wafanyakazi."

"Mfanyakazi haandikwi pamoja na ng'ombe. Soma kilichoandikwa."

Akaikunja. "Hilo si la ukoo, Mama."

Nikacheka, na kicheko changu hakikumpendeza. Hilo ndilo la ukoo. Bibi yangu, aliyenilea Pemba, aliniambia yote bila kupunguza, tena akinisuka, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia. Yule babu hakukata mti hata mmoja. Alinunua watu, nao ndio waliofyeka. Katika hao alikuwamo msichana aliyeletwa kutoka bara, mdogo hata matiti hajaota. Kazi yake ilikuwa miche. Mche wa karafuu ukiwa mchanga unataka kivuli na maji kila siku, ama sivyo unakufa. Yeye aliteka maji bondeni, akapanda nayo kilima, asubuhi na jioni. Mche ukikauka, alichapwa mbele ya wenzake, kisha akaamrishwa ashukuru. Bibi yangu alimkuta kikongwe, akaiona migongo ya miguu yake ilivyokatikakatika kwa fimbo. Huko ndiko alikochapwa, kwa sababu mgongo ulihitajika kubebea.

Alipokuwa mwari, yule mzee akamtoa shambani akamtia ndani. Akawa suria. Mke wa ndoa, aliyeletwa kwa heshima kutoka Oman, hakuzaa. Msichana wa miche akazaa mtoto mmoja wa kiume, na sisi sote tunatoka kwa mtoto huyo. Kwenye msahafu imeandikwa siku aliyozaliwa na jina la baba. Mahali pa mama hapana kitu.

Mwanangu yote haya anayajua. Nilimwambia angali mdogo, kama nilivyoambiwa mimi.

Akaipeleka shajara yake, ule mti wa ukoo alioupanga, kwenye kiwanda cha mabango kule Dubai Investments Park, wakaichapa kwenye ubao mrefu kuliko mlango, herufi za dhahabu. Juu kabisa yumo yule mzee, na chini yake maneno: aliyefungua msitu. Kisha wanaume, wanaume, wanaume, mpaka mwanangu. Akautundika sebuleni, anausogelea, anarudi nyuma.

"Mzuri?"

"Mzuri. Wanaume mmezaliana wenyewe kwa wenyewe."

Hakunielewa. Hapo ndipo kosa lake lilipokuwa, na ni kosa la mwanamume. Kwetu, watu wa posa wakija, wanaume hukaa sebuleni wakasoma Fatiha, wakanywa kahawa, wakaulizana mababu. Hayo ni ya heshima tu. Asili haichunguzwi huko. Inachunguzwa chumba cha ndani, kwa wanawake, na wanawake huulizia mama. Yeye alipamba sebule akasahau chumba.

Mjukuu wangu hakusahau. Asubuhi ya siku yenyewe aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango.

"Bibi, wakiuliza upande wa mama, sema ni yule mke wa Oman."

"Yule hakuzaa."

"Nani atajua?"

"Mimi."

"Basi sema hujui. Nakuomba. Wakikataa hawa, mimi sina maisha."

"Maisha unayo. Una kazi, una miguu."

Akaniangalia kama mtu anayeangalia ukuta, akatoka.

Wakaja. Bibi wa kijana aliingia wa mbele, dhahabu mpaka kwenye viwiko, akaketi mkabala nami. Wanawake wakajaa chumba. Mjukuu wangu alipita na sinia ya tende, macho chini, mzuri. Tukaulizana hali, tukamaliza, tukaulizana tena. Kisha yule bibi akasema:

"Shajara yenu nzuri, wallahi. Wanaume wanaipiga picha huko. Ila sikuona mama hata mmoja."

"Ubao ulikuwa mfupi," nikasema. Mmoja akacheka.

"Basi tusaidie wewe, bi mkubwa. Yule mzee wa msitu, mwanawe alimpata kwa nani?"

Sinia ilisimama. Nilijua mjukuu wangu ananitazama, sikumtazama.

"Kwa msichana aliyemnunua."

"Kumnunua vipi?" Na alijua. Watu wa Pemba wote wanajuana. Alitaka tu litoke kinywani mwangu.

Nikamwambia vipi. Maji, kilima, miche, fimbo, miguu. Nilisema polepole ili wa mlangoni nao wasikie.

"Afadhali umesema mwenyewe," akasema. "Sisi tulisikia, tukadhani labda fitina." Akanyoosha mkono, akalivuta fundo la nywele lililojitokeza chini ya mtandio wa mjukuu wangu, akalisugua kwa vidole kama anayepima kitambaa dukani. "Na mimi najiuliza, hizi zimetoka wapi."

"Zimetoka kwa aliyelima," nikamwambia. "Zako zimetoka saluni."

Hakuna aliyecheka safari hii. Yule bibi akainuka, wote wakainuka. Halwa iliachwa haikuguswa.

Walipoondoka mjukuu wangu alibaki amekaa sakafuni.

"Umenichinja, Bibi."

"Nimeulizwa, nimejibu."

"Yule mwanamke amekufa. Mimi niko hai!"

Ni kweli, yu hai. Lakini angerudi yule bibi akaniuliza tena, jibu ni lile lile. Mtu aliteka maji utoto wake wote, tukala karafuu zake, tukajenga, tukasafiri, tukafika hapa. Leo mtoto wake nimpe mama mwingine, kwa sababu ya sofa za Al Warqa? Khalas, basi.

Kijana, sifa nimpe, hakukubali kuachana. Alivutana na watu wake mpaka wakamwita mwanangu. Alikwenda, akarudi, akakaa mbele yangu akiangalia funguo za gari.

"Wamekubali," akasema.

"Kwa nini?"

"Nimewaambia umeanza kusahau. Kwamba unachanganya hadithi za jirani na za kwetu. Umri."

"Na wao wameamini?"

"Hawakuamini. Wanataka neno la kuwaambia watu."

Mjukuu wangu alikuwa amesimama nyuma yake. "Huhitaji kusema uongo, Bibi. Wewe usikanushe tu. Wakisema Bibi anasahau, nyamaza."

"Baba yako kakufundisha haya?"

"Mimi ndiye niliyempa hilo wazo."

Alilisema bila kutetemeka. Nikamtazama vizuri. Mtoto niliyemfundisha kutembea.

Kuanzia siku ile nikawa mgonjwa. Nikisema chumvi imezidi, wanatazamana. Nikiuliza saa, mtu ananiambia pole. Dawa zangu zikafungiwa kabatini. Wageni waliokuja kuleta mkono wa heri walizungumza habari zangu nikiwa nimekaa katikati yao.

Harusi ilikuwa ukumbini. Walinitafutia mwanamke wa Mombasa wa kukaa nami, wakaniweka meza ya pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Kila nikijaribu kuinuka ananishika bega.

"Keti nyanya, usianguke. Madam bibi harusi kasema nisikuache."

"Mimi naanguka?"

"Ndiyo hivyo wamesema, nyanya."

Bibi wa kijana akaja na kundi lake mpaka mezani pangu. Akainama, akaongea kwa sauti kubwa, neno moja moja, kama mtu anayeongea na kiziwi.

"Unanikumbuka mimi, bi mkubwa?"

"Nakukumbuka. Uliniulizia mama."

Akawageukia wenzake. "Mnaona? Maskini. Leo ana nafuu kidogo." Wakatikisa vichwa, wakacheka kwa huruma.

Mjukuu wangu aliona kutoka kwenye kiti chake cha maua. Akashuka, watu wakampisha, nguo yake ikifagia. Akanibusu paji la uso, akainua kichwa, akawaambia wao, juu yangu:

"Mumsamehe Bibi yangu. Hajui anachosema."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Lingetosha ukumbi mzima, na harusi ingekwisha pale pale. Macho yake yalinitazama yakingoja nilitoe, hayakuniomba hata kidogo.

Nikafunga mdomo. Yule wa Mombasa akachukua karatasi laini akanipangusa midomo, na nilikuwa sijala kitu.