Kalafati ya Bafu la Mama

Kabla ya kupigwa na kiharusi, mama hakuwahi kuoga ndani ya bafu la kulala. Nani mtaani kwetu Mjambere alikuwa nalo? Tulioga kwa ndoo na kata, tukamshukuru Mungu. Lakini alipopooza upande wa kulia, kitu pekee kilichompa nafuu kilikuwa maji ya moto, mwili mzima uzame. Hoteli ya Shanzu nilikokuwa nikisafisha vyumba ilipong'oa mabafu yake ya zamani, niliomba moja, nikapewa. Likaja kwa mkokoteni, majirani wakatoka nje kututolea macho.

Baba alilijengea msingi wa matofali chooni, akabandika vigae ukutani. Ikabaki ile nafasi baina ya bafu na vigae, na hapo ndipo balaa lilipoanza, maana baba alikuwa fundi wa kalafati. Umri wake wote aliziba nyufa za mashua kwa pamba na mafuta ya papa. Nilimwambia hotelini wanaziba kwa silikoni, ile gundi ya mpira isiyopitisha maji. Alinitazama, wallahi nikajiona mtoto mchanga.

"Mashua huzibwa maji yasiingie. Hili lizibwe yasitoke. Tofauti i wapi?"

Akaishindilia pamba kwa patasi na nyundo yake, taratibu, kisha juu akapaka deheni, ile chokaa iliyokandwa kwa mafuta. Ilipendeza, sisemi uongo. Ila mbao za mashua zikilowa huvimba zikaibana pamba, na kigae hakivimbi. Tena mashua hushinda majini. Bafu letu lililowa asubuhi, likakauka mchana. Pamba ikanywea, ikaoza, choo kizima kikanuka papa.

"Naingia mchafu natoka samaki," mama alisema kwa ulimi wake mzito, akicheka kwa upande mmoja wa uso. Baba hakucheka.

Ukuta wa choo ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha mama, wa mawe na udongo, na kitanda chake kiliuegemea. Siku moja nikitandika niliubonyeza, kidole kikazama katika udongo uliolowa. Ala! Nikapiga kelele. Baba akaja, akaugusa kutoka juu mpaka chini, akasema bafu litolewe leo hii, kabla ukuta haujamwangukia mtu.

Mama akaanza kulia. "Uniangukie," alisema. "Maji msininyime."

Sikumbuki kama niliwahi kumchukia baba kama siku ile, kwa ukaidi wake na papa wake. Alifika mlangoni, akageuka, akasema, "Lete huo uchafu wako wa hoteli."

Fundi wa mabomba wa hotelini alinipa silikoni iliyobaki na kifaa chake cha kukamulia. Kalafati ya zamani baba aliing'oa mwenyewe, kwa patasi ile ile, akikataa nisishike kitu. Aliivuta pamba nyeusi uzi baada ya uzi, akaitia ndooni. Nilimwonea huruma mpaka nikakasirika upya. Kisha akanipisha. Nikafuta, nikakausha kwa kitambaa, nikakamua silikoni pembeni mwote, nikailainisha kwa kidole chenye sabuni. Fundi alikuwa amenionya: mpaka kesho yake, lisiguswe na tone la maji.

Jioni mama akaomba kuoga.

"Kesho, mama, inshallah."

"Hata chombo kikitiwa deheni hakishushwi majini siku hiyo," baba akamwambia, akimkanda mguu. "Kesho nitakuchemshia mimi mwenyewe."

Alfajiri baba akaniita. "Abee," nikaitika, nikidhani maji yako tayari. Na kweli yalikuwa tayari. Sufuria ilikuwa ikitokota jikoni, aliibandika kabla hajaenda kumwamsha. Mama alikuwa amekwisha kufa.

Maiti kwetu huchimbiwa ufuo, shimo la kupokea maji anayooshewa, yasitapakae nyumbani. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji. Wanawake waliokuja kumwosha wakashauriana, wakasema bafu si lipo? Wakapanga mbao juu yake, wakamlaza, wakaziba tundu la chini ili maji yakusanyike, yaende kumwagwa pamoja. Nami nikimmiminia nilikuwa nikiyaona yanavyorukia vigae, yakateremka juu ya silikoni, yakaingia bafuni.

Wakanituma kafuri ya kutia katika maji ya mwisho. Nilipopita chumbani kwake nilimkuta baba amechutama juu ya kitanda kitupu. Alikuwa ameweka kiganja ukutani, anakisogeza polepole pembeni mwa ile alama ya unyevu wa zamani. Nilitaka kumpigia kelele. Mkeo amekufa, na wewe unapima ukuta?

Akageuka, uso umelowa wote.

"Hauongezeki," akasema. "Haivuji, mwanangu. Mwambie mamako haivuji."

Nikachukua kafuri, nikarudi chooni, nikamwambia.