Hatua Zilizochekwa

Kwenye chumba cha kurekodia, juu ya duka la mapazia, kulikuwa na rafu yenye jozi tisini na nne za viatu visivyo na wenyewe. Vya bwana harusi, vya mlevi, vya mwanamke anayeondoka asirudi. Mwenye rafu alijulikana kwa jina la Fundi Nyayo, na kazi yake ilikuwa kuwapa watu wa filamu sauti ya miguu. Mwigizaji akitembea kwenye skrini, yeye alisimama mbele ya maikrofoni akakanyaga mbao, kokoto au sinia la mchanga, hatua kwa hatua, mpaka ile picha ikapata uzito.

"Viatu mia, miguu miwili," dada yake alizoea kumtania. "Jongoo akikuona atakuonea wivu."

Dada huyo, mshonaji wa sare za shule, ndiye aliyemlea. Waliongea mambo yote, kasoro moja. Alasiri moja ya vita, yeye akiwa na miaka sita na dada kumi na mmoja, walilala kifudifudi chini ya kitanda huku baba yao, mwalimu, akichukuliwa sebuleni. Hakurudi. Na wao hawakuisema siku ile tena, kana kwamba bado wangesikika.

Ndipo ikaja filamu iliyotokana na riwaya ya vijana, ile ambayo kila mwanafunzi ameisoma darasani, yenye mwalimu, watoto wawili uvunguni, na askari. Mwongozaji, mwanamke kijana mwenye haraka, alimletea kipande cha askari kuingia. Fundi Nyayo alikitazama mara moja tu. Hakugusa buti za ngozi. Alichukua gambuti zilizomzidi saizi mbili, akatembea juu ya mbao zenye unyevu: pwa, pwa, mpira ukipiga mashavu ya miguu. Zilipofika mlangoni, akasimama. Baada ya hapo hakuweka kitu, kwa sababu baada ya hapo hakukumbuka kitu. Kwenye kumbukumbu yake nyumba yote ilikuwa imenyamaza.

Filamu ilipotoka, magazeti yaliisifu kwa uigizaji wa watoto, yakailaumu kwa urefu. Lakini mhakiki wa gazeti la Jumapili, ambaye kalamu yake iliogopwa kuliko sindano, aliandika hivi: "Askari wanakuja kama watu wanaokwenda kukamua ng'ombe, kisha wakifika mlangoni wanageuka paka. Vita gani hivi visivyo na buti?" Maneno hayo yakapita mdomo hadi mdomo. Kufikia Jumanne wanafunzi walikuwa wakiingia ukumbini wakikisubiri kipande kile, ili wacheke.

Mwongozaji alipanda ngazi za duka la mapazia akiwa na gazeti kwapani.

"Shikamoo, Fundi. Mimi sina neno na kazi yako," alisema. "Ila watoto wanacheka, na hapo ndipo mwalimu anapochukuliwa. Kabla haijapelekwa mashuleni nitengenezee buti za kweli. Ijumaa."

Fundi Nyayo akaitikia. Alipobaki peke yake alivaa buti za ngozi, akafunga kamba, akasimama kwenye mbao. Mguu ukakataa kuinuka. Alijiambia kwamba mhakiki hakuwepo, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini na yeye alikuwa chini yake tu, mtoto wa miaka sita, macho kayafumba. Je, kama gambuti alizisikia mahali pengine? Je, kama maisha yake yote amekuwa akimkumbuka baba kwa sauti ya uongo? Shahidi alikuwa mmoja tu duniani.

Jumatano akampeleka dada yake kwenye onyesho la saa nane mchana. Hakumwambia kwa nini. Dada alikaa na mkoba mapajani, akaguna kwamba sare za watoto wa kwenye filamu zimeshonwa vibaya, pindo limepinda. Kisha mvua ikaanza kwenye skrini, na gambuti zikaja. Watu wa safu za mbele wakaanza kucheka.

Mkono ukatoka gizani ukamziba mdomo.

Ulikuwa mgumu, unanuka mafuta ya cherehani. Mwanamume wa miaka hamsini na miwili alitulia hapo, akipumua kwa pua taratibu, vile alivyofundishwa uvunguni. Dada hakumtazama. Hata mkono wake mwenyewe hakujua uliko, mpaka mwalimu wa kwenye filamu alipokwisha kutolewa nje.

Baadaye walikaa kwenye benchi karibu na dirisha la tiketi. Dada alifungua mkoba, akaufunga.

"Gambuti ni zenyewe," alisema. "Nani alikwambia?"

"Nilizisikia."

Dada akaufungua mkoba tena. "Lakini mlangoni umekosea. Hapakuwa kimya. Alivua."

Fundi Nyayo hakuelewa. Basi dada akamweleza, akiutazama mkoba. Askari wengine walibaki uani. Aliyeingia alikuwa kijana ambaye baba alimfundisha kusoma pale pale sebuleni, na sheria ya nyumba ile ilikuwa viatu mlangoni. Siku ile pia alivivua, kimoja kimoja, bunduki begani. Alikuja chumbani miguu mitupu. Aliinama, akatazama uvunguni, akakutana macho na dada. Kisha akasimama, akapaza sauti kwamba humu hamna mtu. Akarudi sebuleni, akamchukua baba.

"Miaka yote hii," dada alisema, "sijui nimwombee au nimlaani."

Alhamisi asubuhi dada ndiye aliyetangulia kupanda ngazi. Buti za ngozi zilikuwa bado zimewekwa karibu na maikrofoni, na akazisogeza pembeni kwa ncha ya kidole kama mtu anayesogeza uchafu. Ndugu yake alivaa gambuti akatembea mpaka mwisho wa mbao, akazivua. Mpira ulilia ukiachia unyayo, mara moja, mara mbili. Dada akatikisa kichwa. Si hivyo, alisema. Yule hakuwa na haraka, na alizipanga.

Fundi Nyayo akazirudia, akazipanga ukutani.

"Sasa nipishe," dada akasema. "Wewe ulifumba macho."

Akavua ndala zake. Fundi Nyayo akawasha mashine, akapiga magoti chini ili ashushe maikrofoni karibu na mbao. Miguu mitupu ikaanza kumjia, laini, isiyo na haraka, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, ndogo kama ule ukimya aliouweka kichwani miaka arobaini na sita. Ikaja mpaka usawa wa uso wake, ikasimama.

Safari hii hakufumba. Alitazama juu. Dada yake alikuwa ameinama, anamwangalia, na Fundi Nyayo akagundua kwamba mkono wake mwenyewe umemziba mdomo.