Nilivyopuliza Mikro ya Papa Raymond

Mimi ni fundi wa redio hapa Kisangani, na juzi nilijiaibisha mbele ya kwaya nzima. Mama Béatrice aliniletea mikro ya zamani ya marehemu mumewe, Papa Raymond, aliyekuwa mwimbaji. Ndani yake mna utepe wa alumini, mwembamba kuliko karatasi, unaonasa sauti. Niliona vumbi, nikapuliza. Utepe ukakatika.

Nikaweka mwingine, nikamwambia Mama Béatrice nimesafisha tu. Machozi yakamtoka. “Utepe huu ulisikia sauti ya papa,” alisema.

Siku ya mazoezi ya kwaya kanisani, yeye alisimama mbele ya mikro aimbe, mimi upande wa nyuma wa mikro hiyo. Mikro nilizozoea husikia upande mmoja, kwa hiyo nikamnong'oneza mwenzangu Dieudonné: “Utepe ya papa nilikata kwa kupuliza. Hii iko mupya. Mama hajui.”

Kumbe mikro ya utepe husikia mbele na nyuma sawasawa! Maneno yangu yalitoka kwenye spika zote. Kwaya nzima ikanigeukia.

Mama Béatrice aliniangalia juu ya mikro.

“Bon,” akasema, sauti yake ikijaa kanisa. “Sasa mama anajua. Kuya huku mbele, mwanangu, unipe pole vizuri.”