Nerys Anasubiri Homa ya Mtu

Saa tatu asubuhi, Nerys Cadwaladr ameinamia hadubini katika maabara ya hospitali moja mjini Swansea. Chai yake ya maziwa imepoa. Damu anayoipima ni ya mhandisi aliyerudi juzi kutoka Malawi akitetemeka kwa homa.

Nerys anatafuta vijidudu vya malaria. Kwa wengi wetu ugonjwa huu hautafutwi, unatukuta wenyewe. Hapa Swansea huonekana mara tatu au nne kwa mwaka.

Ni mwanagenzi wa sayansi ya damu, mwaka wa tatu na wa mwisho. Jalada lake linadai ushahidi wa stadi arobaini na saba, kila mmoja uandikwe siku ileile na kusainiwa na msimamizi aliyeshuhudia. Amekamilisha arobaini na sita; uliobaki ni wa kutambua malaria. Ijumaa jalada linafungwa, na bila malaria hasajiliwi kuwa mtaalamu.

Kosa lilianzia kwenye ratiba aliyoichora mwenyewe kwa rangi nne, ikabandikwa ukutani, wenzake wakaisifu. Alitanguliza mepesi, magumu akayaweka mwisho, atakapokuwa amekomaa. Hakujiuliza ni lipi huja kwa nadra.

Mwaka jana malaria ilipita mbele ya macho yake mara tatu. Aliiona, akaitambua, hakuandika.

“Nilimwambia, binti, andika kinachopita leo,” anasema msimamizi wake, Glenda Hopkin. “Akaniambia zamu yake bado. Utadhani mbu wanasoma ratiba.”

Nerys hacheki. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na lake analishika kwa mkono mmoja huku wa pili ukisogeza kioo chenye damu.

Anamaliza. Anarudia tangu mwanzo, polepole. Glenda naye anaangalia, kisha anatikisa kichwa.

Ni Nerys anayepiga simu wodini. Anasema kwa sauti ya kazi kwamba mgonjwa hana malaria. Upande wa pili muuguzi anashukuru, anasikika akimpasha habari mke wa mhandisi, na mama huyo anaangua kilio cha furaha.

Nerys anaiweka simu chini. Ninamuuliza sasa anatumaini nini.

“Nilisomea kazi hii ili watu wapone,” anasema, akifuta macho kwa mkono wa koti. “Na tangu Jumatatu ninaomba mtu mmoja augue.”